Albumini ya mama imeshuka, ndugu wanasema simlishi

BARUA

Mshauri, salaam.

Ninaishi Tanga mjini na watoto wangu, na tangu baba yetu afariki mwaka jana nakaa na mama yetu mzazi. Mama ana miaka 76. Ana sukari ya siku nyingi na presha. Anameza metformin asubuhi na jioni, glibenclamide asubuhi, na kidonge cha presha. Tumezaliwa watatu. Kaka mkubwa yuko Dar es Salaam na ndiye hulipia matibabu, dada yuko Muscat na hutuma hela ya matumizi, mimi kitinda mimba ndiye niliyebaki na mama.

Mama amekonda, hilo sikatai. Miezi sita iliyopita kadi yake ya kliniki ilisomeka kilo 58, sasa ana 51. Anakula kidogo, anasema chakula hakina ladha, wakati mwingine kinanuka chuma. Nilidhani ni uzee na msiba.

Kaka alipokuja harusini alishtuka, akaondoka naye kwenda Dar kumpima katika hospitali ya binafsi. Majibu yakaja: albumini 29, CRP 48, damu 10.1, kreatinini, ile ya figo, wakasema nzuri. Urefu wake ni sentimita 156, wakapiga hesabu wakasema uzito kwa urefu uko kawaida. Lakini aliyewasomea majibu alisema albumini ndiyo protini ya damu, ikishuka maana yake mgonjwa hapewi chakula chenye protini. Akashauri dripu za albumini, chupa kadhaa, kwa bei ambayo mimi siwezi hata kuitamka.

Kaka aliipiga picha ile karatasi akaituma kwenye grupu la familia, chini akaandika: "Mnamlisha nini huyu mama?" Wifi akaongeza kwamba namba hazidanganyi. Dada naye akataka nimwandikie hela zake zinakwenda wapi. Mshauri, sijapata kulia vile tangu tumzike baba.

Mimi namlisha mama kama nilivyofundishwa. Nafuata masharti ya sukari kikamilifu: wali hapana, viazi na ndizi hapana, ugali wa dona kidogo, mchicha, kisamvu bila nazi. Yai mara moja kwa wiki kwa ajili ya kolestro. Nyama nimeacha kwa sababu ya presha, na meno yenyewe yamebaki machache. Mchana niko sokoni nauza vitenge, namwachia chakula kwenye hotipoti, na nikirudi jioni nakuta hotipoti tupu. Ana kidonda kwenye kidole cha mguu, kina kama miezi miwili, tunakisafisha zahanati.

Baada ya wiki mbili kuna kikao cha familia. Kaka anataka mama ahamie kwake Dar. Mama amesema hatoki kwake akiwa hai. Mimi nimefikiria mambo matatu. La kwanza, nimlishe kwa nguvu zangu zote, supu, mayai, na ule unga wa protini wa watu wa jimu, halafu nimpime tena mwenyewe baada ya mwezi, namba ipande, wanyamaze. La pili, nikubali zile dripu. La tatu, nimwachie kaka mama yake, niishi na aibu.

Naomba uniambie ukweli. Hiyo namba inasema nilimshindisha mama yangu na njaa?

Kitinda mimba, Tanga


JIBU

Dada yangu, pole. Karatasi ya maabara iliyotumwa kwenye grupu kama hati ya mashtaka ni jambo zito.

Nikiisoma barua yako naona maswali mawili yamefungwa kamba moja. Kuna swali la mwili wa mama: je, ana utapiamlo, na kama anao umetoka wapi? Kuna swali la familia: nani amekosa, na mama akae wapi? Kaka yako ametumia namba moja kuyajibu yote mawili, na wewe, kwa mpango wako wa kupima tena, unataka kuitumia namba hiyohiyo kumjibu. Nakuomba tuitazame kwanza, maana haina uwezo wa kubeba hata swali la kwanza.

Lakini lipo la haraka, nalo halisubiri kikao. Mama anameza glibenclamide ileile huku amepungua kilo 7 na anakula kidogo. Dawa hiyo hulazimisha kongosho litoe insulini hata kama tumbo ni tupu, na kwa wazee inajulikana kushusha sukari kupita kiasi, hasa mchana akichelewa kula. Akitoka jasho la ghafla, akitetemeka, akiongea ovyo au akilala usingizi usio wa kawaida, mpime sukari. Ikiwa chini ya 4, na anaweza kumeza, mpe vijiko 3 vya chai vya sukari kwenye maji, pima tena baada ya dakika 15, kisha mpe chakula. Asipoweza kumeza usimmiminie kitu mdomoni, mkimbize hospitali. Usikate dozi mwenyewe, ila mpeleke kliniki ya sukari wiki hii na useme wazi: "Amepungua kutoka kilo 58 hadi 51, hali chakula vizuri, bado yuko kwenye glibenclamide." Daktari ataelewa.

Sasa albumini. Hutengenezwa na ini, na ikishaingia kwenye damu hudumu: huchukua takriban wiki tatu nusu yake kuondoka. Maabara nyingi hutaka iwe kati ya gramu 35 na 50 kwa lita. Nyingine huandika 3.5 hadi 5.0, ni kitu kilekile kwa desilita, msije mkagombana tena juu ya 29 na 2.9. Mtu mwenye njaa tupu, asiye na ugonjwa mwingine, hupoteza mafuta na misuli huku albumini yake ikibaki karibu palepale. Kule Minnesota, Marekani, mwaka 1944 na 1945, vijana 36 wenye afya walijitolea kupunguziwa chakula kwa wiki 24. Walipoteza karibu robo ya uzito wao, mbavu nje, lakini protini za damu yao zilishuka kidogo tu. Kwa kipimo alichopimwa mama, huenda wengi wao wangeambiwa wako salama.

Kinachoishusha haraka ni mchochota, yaani hali ya mwili kupambana na jeraha, maambukizi au ugonjwa. Ini huacha kuikazania albumini na kugeukia protini za mapambano, na mishipa midogo ya damu huvuja, albumini ikahamia kwenye tishu. Moja ya protini hizo za mapambano ni CRP. Maabara nyingi huitaka iwe chini ya 5 au chini ya 10, na ya mama ni 48. Mstari huo ulikuwa kwenye karatasi ileile iliyopigwa picha, na kwa ulivyoandika inaonekana hakuna aliyeusoma. Mwanamke mwenye sukari, kidonda cha mguu cha miezi miwili na CRP 48: mahali pa kwanza pa kutazama ni kidonda, kabla ya sufuria yako.

Zipo njia nyingine za albumini kushuka. Figo zilizochoshwa na sukari na presha huivujisha kwenye mkojo. Ini bovu hushindwa kuitengeneza. Maji yakijaa mwilini, kwa mfano moyo ukiwa dhaifu, huizimua. Na kuna kinyume chake, ambacho kwa wazee ni hatari zaidi kwa sababu hufariji watu bure: mzee aliyekaukiwa maji damu yake huwa nzito, albumini ikaonekana nzuri wakati mtu anakwisha.

Ndiyo maana mwaka 2020 ASPEN, chama cha Marekani cha wataalamu wa lishe ya wagonjwa, kilitoa msimamo kwamba albumini na ndugu yake prealbumini visitumike kama vipimo vya lishe. Vinaonyesha mchochota, na vinasaidia kumjua mgonjwa aliye hatarini, basi. Mkiambiwa Dar kwamba prealbumini ni bora kwa sababu hubadilika ndani ya siku mbili tatu, jueni kwamba nayo huanguka kwa mchochota vilevile, tena upesi zaidi. Aliyewasomea majibu simlaumu sana. Imani hiyo iliingia mahospitalini miaka ya 1970 na imekaa vitabuni muda mrefu, na watoto wenye kwashakoo, ambao kweli albumini yao huwa chini, waliipa nguvu.

Hadi hapo utakuwa umepumua. Sasa nina jambo ambalo huenda usilipende.

Toka 58 kuja 51 ni asilimia 12 ya uzito wake ndani ya miezi sita. Vigezo vya kimataifa vya utapiamlo wa watu wazima, vinavyoitwa GLIM na vilivyokubaliwa mwaka 2018, vinataka dalili moja ya mwili na sababu moja. Kupungua zaidi ya asilimia 5 ndani ya miezi sita ni dalili inayotosha, na kupita asilimia 10 kunahesabiwa kuwa kukali. Ule uzito kwa urefu walioambiwa uko kawaida ni kama 21. Kwa kijana ni sawa, lakini kwa aliyefika miaka 70 vigezo hivyo huhesabu chini ya 22 kuwa pungufu. Sababu ziko zote mbili: anakula kidogo, na ana mchochota. Kwa hiyo mama ana utapiamlo, na kwa kipimo cha kilo ni mkali. Kaka yako aliona kitu cha kweli kwa macho yake pale harusini, kisha akakishikia ushahidi usiokihusu. Ukienda kikaoni kusema "albumini si lishe, mama hana tatizo", utakuwa umeshinda hoja na kumpoteza mama.

Je, hiyo maana yake ulimshindisha na njaa? Barua yako haisomeki hivyo. Inasomeka kama ya mtu aliyetii masharti hadi yakazidi. Masharti ya sukari unayoyafuata yanamfaa mtu wa miaka 50 mwenye kitambi anayetakiwa apungue. Kwa mzee anayepungua, miongozo ya lishe ya wazee ya ESPEN, chama cha Ulaya, inasema makatazo yanayopunguza ulaji yaepukwe, na madaktari wengi hulegeza lengo la sukari lenyewe. Umeondoa wali, viazi, ndizi, nazi na nyama, na yai umelibakiza moja kwa wiki. Kimebaki nini cha kumjenga? Katika umri wa mama, kilo zikiwa zinashuka, hofu ya njaa hutangulia hofu ya yai.

Halafu hotipoti. Ikiwa tupu jioni, nani ameimaliza? Siulizi kwa kumtuhumu mtu. Wazee wengi huona aibu kurudisha chakula, wakampa mjukuu aliyetoka shule au paka wa jirani ili binti asiudhike. Na mama alizoea kula na baba. Sasa anafungua hotipoti peke yake mchana, mezani hakuna mtu. Hilo nalo ni ugonjwa, na lina tiba: kula na mwenzake.

Ladha ya chuma uliyoitaja ni malalamiko yanayojulikana kwa watumiaji wa metformin, na dawa hiyo hukata hamu ya kula. Ikitumiwa miaka mingi hupunguza pia vitamini B12. Mwambie daktari maneno hayohayo ya mama, usiyafasiri. Mwombe pia amtazame mdomoni: fangasi hupenda midomo ya wenye sukari, na jino bovu humfanya mtu aseme "sina njaa" kwa sababu kutafuna kunauma.

Vipimo vya kweli vya kujua anaendeleaje unavyo nyumbani. Mpime uzito mara moja kwa wiki, mzani uleule, asubuhi baada ya kukojoa, akiwa na kanga moja bila ndala, mzani ukiwa juu ya sakafu ya saruji na si juu ya mkeka. Kabla ya kuandika, bonyeza mbele ya muundi wake kwa kidole gumba kama sekunde kumi. Shimo likibaki, ana maji miguuni, na lita moja ya maji ni kilo moja, basi mzani utakudanganya kwa kupanda. Chukua tepu ya fundi cherehani, mama akiwa amekaa na goti limekunjwa sawasawa, zungusha shavu la mguu pale penye unene mkubwa. Chini ya sentimita 31 ni alama ya misuli kupungua. (Mguu ukiwa umevimba, kipimo hiki hakina maana.) Na kwa siku saba andika kwenye daftari kila mlo: alichopakuliwa, na alichobakisha, yote, robo tatu, nusu au robo. Hospitali ya rufaa ya mkoa wanaweza kutumia dodoso fupi la lishe ya wazee liitwalo MNA, lenye maswali sita na alama 14: 12 na zaidi ni salama, 8 hadi 11 yuko hatarini, 7 kushuka ana utapiamlo. Daftari lako linajibu sehemu kubwa ya maswali hayo.

Damu si ya kutupwa, ila iulizwe maswali inayoyaweza. Cha kwanza si damu hata kidogo, ni mkojo: kijiti cha kupima protini. Ni kipimo cha bei ndogo, na kwa mama mwenye sukari, presha na albumini 29 nashangaa hakikufanywa. Kreatinini waliyosema ni nzuri itazamwe tena, kwa sababu hutoka kwenye misuli, na aliyepoteza misuli huwa na kreatinini ndogo hata figo zikiwa zimechoka. Damu 10.1 iko chini ya 12 inayotakiwa kwa mwanamke, basi watafute chanzo: B12 kwa sababu ya metformin, na feritini kwa ajili ya madini ya chuma. Kwenye feritini kuna mtego, maana hupanda na mchochota. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima mwenye mchochota ahesabiwe kupungukiwa chuma ikiwa chini ya 70, badala ya 15 ya kawaida. Mtu asiwaambie "chuma kipo" kwa 40 wakati CRP ni 48. Waulize pia kuhusu kifua kikuu, homoni ya tezi ya shingo, na kama kidonda kinahitaji picha ya mfupa. Mzee aliyepungua asilimia 12 anastahili kutafutiwa sababu hata kama tayari tunayo moja mkononi.

Kuhusu dripu za albumini. Chupa ya mililita 100 ya asilimia 20 ina gramu 20 za protini, sawa na mayai matatu na kidogo. Tena hukaa kwenye mishipa ya damu, haiendi kujenga paja wala kufunga kidonda kama chakula, na kwa mzee inaweza kumjaza maji moyo ukalemewa. Inazo kazi zake halali, kama kwa wagonjwa wa ini wanaotolewa maji mengi tumboni. Namba itapanda kwa siku chache, kisha itashuka, kwa sababu kilichoishusha bado kipo. Dripu ya glukosi ya asilimia 5 ambayo watu huomba "imtie nguvu" nayo ina gramu 50 tu za sukari kwa lita nzima. Kama hela ya chupa zile ipo kweli, kuna matumizi mengi ya kuzungumza na kaka, nitayafikia.

Na mpango wako wa kumlisha mwezi mmoja kisha kumpima tena? Kumlisha, ndiyo. Kuitegemea namba ikutetee, naona ni hatari kwako. Kidonda kisipotulia utamlisha vizuri, atapata kilo mbili, na albumini itabaki 29, kaka atasema "unaona?" Kidonda kikipona itapanda hata kama hukubadilisha chakula, na wewe utaamini umelisha vyema wakati misuli haijarudi. Maabara mbili zinazotumia kemikali tofauti zinaweza kupishana gramu kadhaa kwa damu ileile. Hata kutolewa damu umelala au umesimama huibadilisha. Ukipima tena, ipimwe pamoja na CRP, maabara ileile, na isomwe kama habari ya kidonda.

Chakula chenyewe. Mzee huhitaji angalau gramu 1 ya protini kwa kila kilo ya uzito, na akiwa na ugonjwa au kidonda 1.2 hadi 1.5. Kwa kilo 51 ni gramu 61 hadi 76 kwa siku, na nishati kama kalori 1,500. Usipandishe protini hadi huko kabla ya kupata majibu ya mkojo na figo. Daktari akikubali, siku inaweza kuwa hivi. Asubuhi uji uliopikwa kwa maziwa kikombe kimoja (gramu 8) na yai (6). Saa 4 mtindi kikombe, usiotiwa sukari (8). Mchana samaki aliyechambuliwa miiba, kipande kinachojaa kiganja (karibu 18), maharage yaliyopondwa nusu kikombe (7), na wali, ndiyo, wali, kikombe kimoja (4). Alasiri karanga za kusaga vijiko viwili vya chakula kwenye uji mwepesi (7). Usiku dagaa wakavu gramu 20, wasagwe na kuungwa kwa nazi (11 hivi), na ugali laini. Jumla inakaribia 70. Sahani ndogo mara tano huliwa kuliko sahani kubwa mara mbili, na kijiko cha mafuta au tui juu ya mboga huongeza nishati bila kuongeza wingi. Ongeza hatua kwa hatua ndani ya wiki nzima. Aliyekula kidogo kwa muda mrefu akijazwa ghafla, fosfati na potasiamu kwenye damu huweza kuporomoka, nalo ni jambo la kuua. Kama kuna siku nyingi amekuwa hali karibu chochote, madini hayo yapimwe kwanza. Unga wa jimu hauna dhambi, ila haumshindi yai na dagaa, na figo zisizojulikana hazipaswi kuujaribu. Sukari ipimwe nyumbani mara nyingi zaidi wakati huu, maana chakula kikibadilika dawa nayo inaweza kubadilishwa.

Nije kwa swali la mama akae wapi, ambalo mimi siwezi kulikata.

Akienda Dar, atakuwa karibu na mabingwa wa miguu ya wenye sukari na figo, na mzigo utakuondokea kwa muda. Hatari yake ni kwamba mzee anayeng'olewa nyumbani, mwaka mmoja baada ya kufiwa na mume, mara nyingi hupoteza hamu ya kula zaidi, na huko kwa kaka pia watu hushinda kazini. Mchana wake ungejazwa na nani? Waulize kwa upole, ni swali lilelile unaloulizwa wewe. Akibaki Tanga atakuwa kwake, na majirani wanaomjua. Hatari yake ni mchana ule wa hotipoti, kidonda kinachosafishwa tu bila kuchunguzwa, na wewe kubeba vyote mpaka uugue. Njia ya katikati ipo pia: aende Dar kwa matibabu ya kidonda, tarehe ya kurudi ikijulikana na mama mwenyewe akiijua. Au hela iliyotengwa kwa dripu ilipe mtu wa kukaa naye na kula naye mchana, na mzani mzuri, na kipimo cha mkojo. Au kaka aje akae wiki moja apike mwenyewe. Hili la mwisho hufundisha kuliko karatasi.

Hapo nina swali juu ya kaka yako. "Mnamlisha nini" linauma, na kulisema mbele ya watu wote si uungwana. Inawezekana pia ni hofu ya mtoto aliye mbali aliyemkuta mama yake amebaki mifupa, akashika kitu cha kwanza kilichoandikwa. Huenda nimekosea, wewe ndiye unayemjua. Ila ningekushauri uzungumze naye kwa simu kabla ya kikao, ninyi wawili tu, uanze na anachokijua: "Kaka, umeona sawa, mama amepungua kilo 7, na nimeogopa. Kwenye ile karatasi kuna CRP 48 na kidonda cha mguu ambacho huenda sikukueleza vizuri. Daktari anataka mkojo, B12 na picha ya mguu. Tulipieje?" Hesabu za dada wa Muscat mpe bila kinyongo; daftari la chakula litakuwa limeshafanya nusu ya kazi.

Mama naye. Amesema hatoki kwake, lakini hilo lilikuwa jibu la swali la kuhamishwa. Siku umekaa naye jikoni, watoto hawapo, muulize lingine: chakula gani kingemshuka leo, na kinachomzuia ni mdomo, tumbo au moyo. Jibu lake lisomwe kikaoni pamoja na kilo na daftari, na ikiwezekana alisome mwenyewe.

Kwa gharama, hospitali za serikali zina dirisha la wazee. Nenda na kitambulisho chake, kadi ya kliniki yenye zile kilo 58, dawa zote ndani ya mfuko, na ile karatasi ya Dar. Mwombe daktari aufungue mguu, asiridhike na kusikia kwamba kinasafishwa. Mguu ukianza kuwa mweusi, kutoa harufu, au mama akipata homa, nenda siku hiyohiyo. Tuandikie tena mkipata majibu ya mkojo.